Kadi ya Kwanza

Arua, 14 Machi 1976

Kwa Mwalimu Tahiru Wani, Koboko.

Salaam, mzee wangu. Mimi ni Alfonsi Drani, mwalimu wa hesabu wa Medina, binti wa marehemu ndugu yako Kenyi. Hatujaonana bado. Kinubi sijui, na Medina ameniambia kwamba Kilugbara chako kinatosha kununulia mihogo tu. Kwa hiyo nakuandikia Kiswahili, na makosa yangu utayavumilia. Nilikiokota utotoni kwa madereva wa Vurra, sikufundishwa na mtu.

Usishtuke kuona barua ya shule. Mtoto hajafanya kosa. Ni mimi ninayehitaji msaada.

Mwaka huu nimejitwika mzigo ambao hakuna aliyenituma kuubeba. Nimeanzisha kikundi cha wanafunzi wa kidato cha tano wajifunze kuandika programu za kompyuta. Kompyuta yenyewe hatuna. Arua nzima hakuna, na umeme ukiwaka tunapiga makofi. Iko moja Kampala, na mwenzangu niliyesoma naye, Natalina Candiru, anafanya kazi pale. Programu ni amri tu, mzee, moja baada ya nyingine: soma namba hii, gawa kwa ile, kama jibu ni hivi nenda huku, kama sivyo nenda kule. Watoto wanaziandika kwa penseli, mimi nazituma kwa basi, Natalina anatoboa kila amri kwenye kadi yake ngumu, anailisha mashine kadi zote kwa mpangilio, halafu jibu linarudi kwa basi. Ukisahau nukta unaambiwa baada ya wiki tatu. Kwa kweli ni kazi ya kichaa.

Walianza wengi, wamebaki watatu. Waliokimbia siwalaumu, hata mimi ningekimbia kama ningejua pa kwenda. Asiku anapanga ratiba ya mechi za mpira. Driciru anahesabu mvua ya misheni ya Ediofe, kwa sababu mapadri wanaipima kila asubuhi. Medina amechagua mirathi. Anasema wewe ndiye unayewagawia watu wa Koboko urithi wao, kwamba unasimama kwanza mlangoni na viatu vyako, unauliza swali lako, ndipo unavua na kukaa mkekani, na ukianza kugawa midomo inakwenda mbio kama mashine. Basi anataka mashine ya kweli ifanye hivyo. Mtu aiambie nani wamebaki, nayo itoe mafungu.

Kanuni yangu ni moja: kazi ni yao, mimi sishiki penseli. Nauliza maswali tu mpaka waone wenyewe. Lakini mimi ni Mkatoliki, sijui mjane wa Kiislamu anapata nini, sasa nitauliza maswali gani? Naomba uwe msahihishaji wetu. Na kama hutajali, tupe mfano wa kweli, ule wa baba yake. Najua uliugawa mwenyewe. Tutaulinganisha na jibu la mashine.

Pole kwa msiba ule wa mwaka juzi. Medina alinisimulia kuhusu gari la jeshi lililokutwa mtoni bila dereva.

Wako,
A. Drani


Koboko, 23 Machi 1976

Mwalimu mwenzangu Drani,

Waalaikum salaam. Barua imefika, na nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa kucheka. Kwa hiyo hamna mashine, na bado mnaifundisha kazi! Sisi huku tuna cherehani na bado hatuna uzi. Karibu sana katika umaskini, Mwalimu, nafasi iko.

Mimi asubuhi iko fundi wa nguo, alasiri nafundisha madrasa, na nikiitwa nagawa mirathi. Nimechoka kama wewe, lakini uchovu wangu ni wa zamani, umeshaota ndevu. Kazi ya mtoto imenipendeza. Mwambie Baba Mkubwa wake anasema mashallah, halafu mwambie asivimbe kichwa.

Andika. Kwanza toa gharama za mazishi. Pili lipa madeni ya marehemu. Tatu tekeleza wasia wake, usizidi theluthi. Kinachobaki ndicho cha warithi. Mwanamume akiacha mke na mtoto, mke anapata thumuni, yaani moja kwa nane. Binti akiwa peke yake anapata nusu. Ndugu wa kiume, kama hakuna baba wala mtoto wa kiume, anachukua kilichosalia baada ya wenye mafungu. Haya ni kidogo tu, yapo mengi, nitayatuma polepole, maana macho yangu yanataka miwani na miwani haipo.

Mfano nakupa wa marehemu Rajabu aliyeuza ngozi hapa sokoni. Nimeuandika nyuma ya karatasi hii, watu wake wote na mafungu yao. Huo unatosha.

Kuhusu mfano wa ndugu yangu, tuuache. Mali yake sijaigawa bado. Mambo ya jamaa hayana haraka.

Barua analeta Mogga wa lori. Mogga mwenyewe hajui kusoma, lakini njiani iko watu wanaomsomea hata asipoomba. Basi tuandike hesabu, Mwalimu. Hesabu haina ubaya na mtu.

Nduguyo,
Tahiru Wani


Arua, 6 Juni 1976

Mzee Tahiru,

Salamu nyingi. Nina habari ya kukuchekesha, halafu nina ya kukuuliza.

Karatasi ya kwanza ya Medina imerudi kutoka Kampala. Wiki tano! Basi liliharibika, halafu umeme wa Kampala ukakatika, halafu Natalina akaugua. Tukaifungua darasani, watoto watatu na mimi, kama watu wanaofungua chungu. Mashine imeandika hivi: mjane, sifuri. Binti, sifuri. Ndugu wa marehemu, vyote.

Asiku alianguka chini kwa kicheko. Alisema, "Hii mashine iko mwanaume kabisa!" Medina hakucheka. Alikaa na ile karatasi kipindi kizima.

Kosa lenyewe ni dogo na ni la kijinga. Mashine ukiipa namba nzima, ukaiambia igawe moja kwa nane, inatupa kipande na kusema sifuri. Moja kwa mbili pia sifuri. Halafu inatoa sifuri mbili kwenye mali, inaona mali bado nzima, inampa anayechukua kilichosalia. Nililiona mara moja, na nikaufunga mdomo. Unajua ni kazi gani kuona jibu na kulimeza? Nilimuuliza tu, "Baba Mkubwa wako anapogawa, huwa anaanza na moja?" Alikaa siku nzima nalo. Kesho yake alikuja mbio, kitambaa kimemwangukia shingoni: "Mwalimu, hapana! Yeye anaanza na ishirini na nne!" Thumuni ni tatu, nusu ni kumi na mbili, ndugu anabaki na tisa, hakuna kipande cha kutupa. Ameandika upya na tumetuma. Siku ile nilisahau kuchoka, nakuambia ukweli.

Sasa swali. Watu aliowaingiza kwenye mashine si wa Rajabu wa ngozi. Amewaingiza mama yake Sadiya, yeye mwenyewe na wewe, na juu ameandika jina la baba yake. Sikumkataza, kazi ni yake. Lakini ananiuliza kwa nini mali ya baba yake haijagawiwa mpaka leo. Tafadhali mgawie kwa mkono wako, hata kwenye karatasi tu, utie saini, tulinganishe. Litakuwa jambo kubwa kwake.

Wako,
A. Drani


Koboko, 17 Juni 1976

Mwalimu Drani,

Salaam. Nimecheka mpaka wateja wakaniuliza kulikoni. Wallahi, mashine ya Wazungu imefika Uganda na kujifunza mara moja kudhulumu mayatima! Mwambie Asiku asicheke sana, na yeye ataota masharubu.

Ishirini na nne, ndiyo. Nilimfundisha akiwa hajang'oka meno ya mbele, kwa punje za mahindi. Nilidhani amesahau. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Lakini sikia. Futa jina la ndugu yangu kwenye hizo karatasi. Andika "mfano wa Koboko", andika "fulani", andika unachotaka, lakini jina lake lisipande basi la Kampala. Hakuna sababu ya marehemu kusafirishwa hovyo. Jina langu futa pia.

Na saini sitoi. Mimi nimegawa mirathi ya watu wengi, na kila karatasi niliyotia saini nitaulizwa juu yake siku ya hukumu. Nitatia nikiwa tayari. Usinisukume, Mwalimu. Nina sababu zangu, na si za tumbo.

Nimemtumia Medina sketi mbili na sabuni. Sabuni yenyewe ni ya magendo kutoka Oraba mpakani, usiulize.

Tahiru Wani


Arua, 25 Julai 1976

Mzee Tahiru,

Naandika kwa hasira. Nitajaribu kuandika kwa adabu.

Karatasi ya pili imerudi, na imetoka sahihi. Mjane tatu, binti kumi na mbili, ndugu tisa. Medina alipaswa kurukaruka. Badala yake aliikunja, akaniambia hatakwenda Koboko likizo ya Agosti. Nikamuuliza sababu. Mtoto huyu hasemi ovyo, unamjua, lakini siku ile alisema yote. Kwamba cherehani unayoshonea ni ya baba yake. Kwamba nyumba ya barabarani ni ya baba yake, wewe unakaa mbele na mama yake anakaa chumba cha nyuma. Kwamba mama akiulizwa anaangalia chini. Kwamba sokoni wanawake wanasema, "Mali ya Kenyi ilikwenda na maji," halafu wananyamaza yeye akipita. Mwisho akaniambia, "Mwalimu, ile mashine ya kwanza haikukosea. Hivyo ndivyo ilivyo nyumbani."

Unafikiri nilijisikiaje? Nilikuwa nimekusifu mbele ya wale watoto kama msahihishaji wetu.

Umeacha miaka miwili ipite. Mimi si Mwislamu, lakini kwetu pia mtu anayekalia mali ya yatima ana jina lake. Nimechoka, mzee. Nimechoka na watu wazima wenye sababu zao. Chaki tunaivunja vipande vitatu, wenzangu wawili wameondoka bila kuaga na sijui kama waliondoka au waliondolewa, na kila siku nasimama mbele ya watoto hawa na kuwaambia kwamba ukifuata kanuni hatua kwa hatua jibu litatoka sawa. Nipe basi kanuni moja ambayo mtu mzima ameifuata!

Kama sitapata karatasi yenye saini yako, Ijumaa ya wiki mbili zijazo nitakwenda kwa kadhi hapa Arua, nimweleze yote na nimwombe aandike kwa wakubwa wa jeshi watoe cheti cha kifo, ili mali igawiwe kisheria. Medina anajua, na amekubali.

A. Drani


Koboko, 29 Julai 1976

Mwalimu,

Usiende kwa kadhi. Nakuomba kwa Mungu wako na kwa Mungu wangu, usiende, wala usiandike kwa mkubwa yeyote. Mogga nimemlipia safari hii peke yake, na akishakupa barua atasubiri mpaka umwambie kwa mdomo wako kwamba huendi.

Nitukane utakavyo. Mtoto akinichukia, anichukie. Nitabeba.

Umenifanya msahihishaji, basi ngoja nisahihishe. Programu ya Medina ni mbovu. Mafungu yako sawa, ishirini na nne iko sawa, lakini imeharibika pale mwanzo kabisa. Inauliza mazishi, inauliza madeni, inauliza wasia, inauliza warithi. Mimi nilipokupa kanuni zangu nilianza na mazishi, na kosa ni langu pia, kwa sababu jambo ambalo mtu anafanya kila siku kwa miguu hakumbuki kulisema kwa mdomo. Lakini Medina ameniona. Mara ngapi nimemchukua kunibebea mkeka? Muulize: mimi nikifika nyumba ya msiba, kabla sijavua viatu, nauliza nini mlangoni?

Aandike kadi moja zaidi, na iwekwe mbele ya kadi zote. Kama jibu la mlangoni ni ndiyo, aandike moja, mashine iendelee. Kama jibu ni hapana, aandike sifuri, mashine isimame palepale isiguse kitu.

Kisha airudie hesabu ya Koboko. Pale mlangoni aweke sifuri. Nasema sifuri, Mwalimu. Mwonyeshe mstari huu, asome mwenyewe, na wewe shika kanuni yako: usimwelezee. Barua hii ikishasomwa iwashie moto wa chai.

T.W.


Arua, 19 Septemba 1976

Mzee wangu Tahiru,

Salaam, na samahani kwa kukaa kimya. Nilimwambia Mogga kwamba siendi, na sikwenda. Nilikubali kwa shingo upande, nisikufiche. Niliona unanizungusha. Nilisema moyoni, mzee huyu amekamatwa na sasa ananiletea habari za viatu.

Lakini nilimpa Medina barua asome, kwa sababu uliagiza hivyo. Alisoma akiwa amesimama. Nikamuuliza, kama ulivyosema, Baba Mkubwa wako anauliza nini mlangoni? Akasema, "Anauliza, nani alimwosha?" Basi. Akaniambia kwamba asipopatikana mtu wa kusema mimi nilimwosha kwa mikono yangu, hukai mkekani, unarudi nyumbani na viatu vyako. Aliniambia hivyo kama mtu anayesoma kitabu. Halafu akaurudia mstari ule wa mwisho wa barua. Akaomba kwenda nje.

Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya maktaba. Nilidhani amekumbuka msiba. Niliona tu kwamba amemaliza kuandika ile kadi kabla ya chakula cha mchana.

Jibu limerudi Jumatano. Natalina ameandika pembeni kwa utani kwamba hajawahi kuona mtoto anatuma programu kutoka Arua ili iambiwe isifanye kazi. Hesabu ya Rajabu wa ngozi imekwenda mpaka mwisho, mafungu yote sawa na yako. Hesabu ya Koboko imetoka mstari mmoja: HAKUNA KUGAWA.

Mzee, alicheka. Halafu alilia, halafu akacheka tena akiwa bado analia. Driciru alimshika akidhani amepandwa na malaria. Akaiweka ile karatasi ndani ya nguo yake, kifuani, akaniuliza kama bado anaweza kwenda Koboko likizo ya Desemba. Akasema, "Nina deni na Baba Mkubwa, nimemfikiria vibaya."

Mimi nilielewa siku mbili baadaye, nikifuta ubao. Nilisimama na kitambaa mkononi mpaka darasa likaanza kunong'ona. Mwalimu wa hesabu! Kitu kimeandikwa mbele yangu kwa namba moja na sifuri, na mimi ndiye wa mwisho kukisoma. Na nilitaka kukipeleka kwa wakubwa wa jeshi!

Kuhusu hesabu ya Koboko, basi, naona msahihishaji alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Saini yako sitaiomba tena, na naomba Mungu nisiione kwa miaka mingi. Barua yangu ya Julai ichome. Nisamehe.

Ratiba ya Asiku nayo imerudi. Inataka shule yetu icheze na shule yetu, nyumbani na ugenini.

Mwanao,
Alfonsi Drani


Koboko, 28 Desemba 1976

Mwalimu Drani, mwanangu,

Salaam na heri ya Krismasi iliyopita. Hakuna cha kusamehe. Ulimpigania mtoto asiye wako, na mimi nilikuwa nasoma matusi yako huku nikisema alhamdulillahi, amepata mwalimu.

Nakuambia jinsi ilivyokuwa upande wangu, kwa sababu mtu akikaa na kitu peke yake kinaoza. Miaka miwili nimekuwa mwizi machoni pa mtoto wa ndugu yangu. Akija likizo nilikuwa nashona nimempa mgongo, ili nisione anavyoiangalia ile cherehani. Ningeigawa, ningekuwa nimesema uongo mbele ya Mungu. Sikuigawa, nikawa nimewapa watu la kusema. Na mtoto hakuweza kuambiwa, kwa sababu mtoto akijua anatembea tofauti, na kwenye barabara yetu iko watu kazi yao ni kuangalia wengine wanavyotembea. Nilichoka, Mwalimu. Nilikuwa nikiswali nasahau rakaa.

Sasa anajua, na kumbe anatembea vizuri tu. Nilimdharau.

Amekwenda na mama yake Oraba kununua chumvi. Wamevuka kidogo, chumvi ya ng'ambo iko nzuri sana. Wamekaa siku tatu kuichagua. Sadiya amerudi anaimba jikoni, mwanamke ambaye nilisahau kwamba ana sauti. Medina amerudi na kinu kidogo cha kuchongwa, anasema alipewa na muuza chumvi mwenyewe, na amekonda kidogo, na ana furaha.

Nimekushonea shati. Kama halikutoshi ni kosa la Mogga, nilimpima yeye.

Tahiru Wani


Kaya, ng'ambo ya Oraba, 19 Agosti 1979

Mpendwa Mwalimu Drani,

Natumaini barua hii itakukuta. Tumesikia kwamba Arua watu wamevuka Vurra kwenda Kongo, na kwamba shule imefungwa. Nampa Mogga, ambaye hana lori tena, anatembea kwa miguu, lakini ameapa atakutafuta. Kama uko hai, niandikie hata neno moja.

Sisi tulivuka mwezi wa Juni. Nyumba ya barabarani imechomwa. Cherehani Baba Mkubwa aliibeba kichwani kutoka Koboko mpaka mpakani, mzee wa umri ule, na kila mtu aliyetaka kumsaidia alimfukuza. Alisema si yake, ni amana.

Sasa naweza kuandika bila kuficha, kwa kuwa waliokuwa wanatusomea barua wamekimbia pia, tunapanga nao foleni ya maji. Baba yangu alikuwa hapa Kaya tangu mwaka 1974. Alikuwa dereva wa jeshi, akaambiwa abebe watu ambao hawangerudi. Njiani alifungua nyuma, akawaambia wakimbie, akaliachia gari mtoni, akavuka usiku uleule. Hapa alikuwa anatengeneza baiskeli na kuchonga michi na vinu. Alijulikana kwa jina lingine. Nimekuwa na baba miaka miwili na nusu, Mwalimu, kwa vipande, likizo kwa likizo, chumvi kwa chumvi. Halafu Juni tukaja kukaa naye kabisa, na nikajua kwamba anakoroma.

Alikufa Jumatatu. Ilikuwa homa, na zahanati haina kitu. Haikuchukua muda mrefu.

Nilikuwa nimekuahidi kwamba nitakuambia kila mara programu inapotumika, ndiyo maana nakuandikia leo. Jana baada ya alasiri Baba Mkubwa alikuja kwenye kibanda chetu. Mama alikuwa ametandika mkeka. Watu wa hapa walikuwa wamekaa, kwa sababu ndugu wa marehemu hagawi mbele ya kuta tupu, anataka mashahidi. Alisimama mlangoni na viatu vyake. Nilifikiri ataingia tu. Nani angemlaumu? Lakini hakuingia. Aliuliza, kama anavyouliza kila nyumba, "Nani alimwosha?"

Watu waliangaliana, kwa maana kila mmoja alijua. Mama akajifunika uso. Baba Mkubwa alisimama pale, akasubiri jibu kama kanuni inavyotaka. Mwisho akajibu mwenyewe. Alisema, "Mimi nilimwosha. Kwa mikono yangu." Akavua viatu, akaingia.

Alikaa, akachukua kalamu, akashindwa. Akanipa mimi. Akasema, "Andika, mama, wewe unajua mpangilio."

Vyenyewe si vingi. Cherehani, baiskeli, redio isiyo na betri, na vyombo vya kuchongea. Tuliviweka katikati. Ulituambia, Mwalimu, kwamba kadi ya kwanza ndiyo inayochosha kuliko zote. Kwa miaka hii yote nimekuwa nikiipitia kichwani kila asubuhi nikiamka: mlangoni sifuri, mashine inasimama, hakuna kugawa. Halafu nainuka naenda kuteka maji. Sikujua kwamba ilikuwa ndiyo sala yangu.

Jana nikaandika moja. Mama tatu, mimi kumi na mbili, Baba Mkubwa tisa. Alizikagua taratibu bila miwani, karatasi ikiwa karibu na pua, akatia saini yake chini, ile saini uliyoiomba.

Hesabu ya Koboko imekwenda mpaka mwisho, Mwalimu, na haina kosa.

Mwanafunzi wako,
Medina Kenyi